Mkaguzi wa Makufuli: Jinsi Programu Zinavyokingwa na Mkwamo

Programu nyingi za kompyuta hazitendi jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ndani yake kazi kadhaa, ambazo wataalamu huziita nyuzi, huendelea sambamba na kutumia data zilezile. Ili nyuzi mbili zisiharibu data kwa kuziandika kwa pamoja, data hizo huwekewa kufuli. Uzi ulioshika kufuli hufanya kazi yake; mwingine hungoja mpaka liachiliwe.

Kinga hii nayo huzaa hatari. Tuchukue mfano wa benki. Uzi wa kwanza unahamisha fedha kutoka akaunti A kwenda B: umeshika kufuli la A, unataka la B. Wakati huohuo uzi wa pili unahamisha fedha kutoka B kwenda A: umeshika kufuli la B, unataka la A. Kila mmoja unangoja kufuli lililoshikwa na mwenzake, na hakuna unaoachilia. Hali hii ndiyo mkwamo. Ubaya wake ni kwamba hutokea kwa nadra: programu yaweza kufaulu majaribio yote, kisha ikasimama siku ile ambayo wateja ni wengi.

Mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, kiini cha mfumo endeshi wa Linux kilitiwa msimbo wa kukagua makufuli uitwao lockdep, ambao mwandishi wake mkuu ni Ingo Molnar. Kanuni yake ni ya kihisabati. Kila mara kufuli B linapochukuliwa ilhali A limekwisha shikwa, mkaguzi huweka mshale kutoka A hadi B. Mishale ikifanya mzunguko, onyo hutolewa, hata kama mkwamo wenyewe haujatokea kamwe.

Msimbo huo ulitegemea mazingira ya kiini. Mwaka 2014, katika toleo la 3.14, Sasha Levin aliuwezesha kukagua programu za kawaida kwa jina la liblockdep. Mantiki yenyewe haikuandikwa upya. Kilichobadilishwa ni mazingira yake. Badala ya kumbukumbu za kazi za kiini, ziliwekwa kumbukumbu za kila uzi wa programu. Na kila ombi la kushika au kuachilia kufuli lilipitishwa kwanza kwa mkaguzi. Hivyo hata programu iliyokwisha geuzwa kuwa lugha ya mashine iliweza kukaguliwa. Liblockdep iliondolewa katika msimbo wa Linux mwaka 2021, lakini wazo lake lingali likitumika katika vyombo vingine, kama vile Helgrind.

Mkaguzi wa namna hii ana mipaka. Huona njia zile tu ambazo programu imezipitia, na huipunguzia programu kasi. Kwa hiyo hatumiki badala ya mpango mwema. Dawa iliyo bora ni kuyapa makufuli namba na kuyashika daima kuanzia namba ndogo. Mishale yote ikielekea kwenye namba kubwa zaidi, mzunguko hauwezekani.

Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe. Kazi ya kwanza hushika A kisha B. Ya pili, B kisha C. Ya tatu, C kisha A. Chora mishale yake. Je, kazi mbili peke yake zaweza kukwama? Na zote tatu zikienda pamoja?