Kupita Bila Ishara ya Mkono

Katika nchi ya Marekani, tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapopukutika, watu wa kazi za kila namna, makarani, matabibu, mafundi wa mabomba na walimu wa skuli, huzipeleka motokaa zao wenyewe, aghalabu zile zile waendeazo kazini, katika viwanja vya mbio, wakalipa ada, wakavaa helmeti, wakajifunza kuendesha kwa mwendo ambao sheria ya barabara kuu haiuruhusu asilani. Siku hizo si za mashindano. Hapana zawadi wala mshindi, na vyama vingi havitaki hata saa ya kupimia mizunguko. Ni darasa la uendeshaji, lenye madaraja yake, na mwanagenzi hupanda kutoka daraja moja mpaka jingine kwa kadiri mwalimu wake atakavyoridhika naye. Miongoni mwa madaraja hayo limo moja ambalo wanagenzi hulitamani kuliko yote, na ambalo kwa rai yangu hufahamika vibaya kuliko yote, nalo ni lile la kupita pasipo kuomba ruhusa.

Chama kimoja mashuhuri katika mambo haya ni National Auto Sport Association, kilichoundwa mwaka 1991, ambacho kwa ufupi huitwa NASA ingawa hakina nasaba yoyote na lile shirika la safari za anga. Mafunzo yake yamegawanywa katika madaraja manne: katika la kwanza mwalimu hukaa kiti cha abiria akimwongoza mwanagenzi kona kwa kona, la pili ni la wale walioanza kwenda peke yao, la tatu huongeza mahali pa kupitana, na la nne ni la watu waliokwisha kukomaa. Vyama vingine, kama Sports Car Club of America kilichoasisiwa mwaka 1944, vina majina na mipaka yenye tafauti zake, lakini kanuni ni ile ile, kwamba uhuru hutolewa kwa kipimo.

Huko chini, gari haliwezi kulipita jingine ila penye njia iliyonyooka iliyotajwa asubuhi katika mkutano wa madereva, na hata hapo ni mpaka aliye mbele atoe mkono dirishani kuonyesha upande anaotaka apitwe. Kwa kuwa usukani wa magari ya Kimarekani uko kushoto, mkono ukinyooshwa nje maana yake ni kwamba mwenzake apite kushoto, na ukipindwa juu ya paa maana yake ni apite kulia; na kila gari linalofuata hudai ishara yake peke yake, kwani idhini aliyopewa wa kwanza haimfai wa pili. Ndiyo sababu dirisha la dereva huwa wazi hata siku ya baridi kali. Naye mwenye kutoa ishara, akiwa muungwana, hupunguza mafuta kidogo ili anayepita amalize haja yake upesi.

Katika daraja la juu ishara hiyo si sharti tena. Gari laweza kupita popote, kushoto au kulia, katika njia iliyonyooka au penye kona, na aliye mbele huenda asipate habari mpaka amwone mwenzake ubavuni. Mgeni wa mambo haya hudhani ya kwamba kilichoondolewa hapo ni kizuizi, na ya kwamba aliyepandishwa ametunzwa kwa ajili ya wepesi wake. Hasha! Kilichoondolewa ni mkono tu. Idhini ingali inahitajika vile vile, ila sasa aliye nyuma hana budi kuisoma katika mwenendo wa gari la mbele, jinsi linavyoshika upande wake wa lami, jinsi linavyokawia au kuwahi kufunga breki, jinsi kichwa cha dereva kinavyogeuka au kisivyogeuka kuelekea kioo. Na akisoma vibaya, lawama ni yake yeye aliyepita.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki, walioizoea Safari Rally tangu ilipoanza mwaka 1953, wanajua mbio za namna nyingine, ambamo magari huachiwa moja moja yakashindana na saa, na katika barabara zetu kuu hatari ya kuovateki ni lile gari linalotokea mbele. Kiwanjani hakuna litokealo mbele. Wote huelekea upande mmoja, na hatari huzaliwa na jambo jingine, kwamba watu wawili waweza kuitazama nafasi moja kwa wakati mmoja, huyu akaiona ni yake na yule naye akaiona ni yake.

Hebu tupige hesabu. Tuseme magari ni mawili, kila moja lina urefu wa mita 4.5, la mbele linakwenda kilomita 180 kwa saa na la nyuma 190. Ili la nyuma litoke umbali wa gari moja nyuma ya mwenzake mpaka umbali wa gari moja mbele yake, lapaswa kuchuma mita 18. Na kwa kuwa tafauti ya kilomita 10 kwa saa haizidi mita 2.8 kwa sekunde, kazi hiyo itachukua kama sekunde 6 na nusu, ambazo ndani yake gari linalopita litakuwa limekwisha kula zaidi ya mita 340 za barabara. Katika daraja la chini mwanagenzi haioni tabu hii, maana aliyetoa ishara amempunguzia kazi kwa kupunguza mafuta. Katika daraja la juu asitegemee fadhila hiyo. Sharti ajue kabla hajaanza kwamba mita hizo zipo mbele yake, na kwamba hazijaingia mahali ambapo wote wawili watataka kufunga breki.

Kiwanja kinachofaa kulifafanulia jambo hili ni Virginia International Raceway, karibu na mpaka wa jimbo la Virginia na North Carolina, chenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 5 katika nchi ya vilima. Kilifunguliwa mwaka 1957, kikafungwa mwaka 1974, ardhi ikarudia kilimo, mpaka mwaka 2000 kilipofufuliwa. Humo imo kona ya kulia iitwayo Oak Tree, iliyopata jina kwa mwaloni mkubwa uliosimama kando yake miaka mingi na ulioanguka mwaka 2013. Mti umekwenda, jina limebaki. Kona hiyo ni ya mwendo mdogo, lakini mara tu baada yake hufuata njia ndefu iliyonyooka, na kwa hivyo kila kilomita moja ya mwendo aliyotoka nayo dereva pale mwalonini ataibeba mpaka mwisho wa njia ile.

Sasa mtazame aliyepandishwa jana. Amemkaribia mwenzake kabla ya Oak Tree, damu imemchemka, naye anakumbuka kwamba leo hahitaji ishara ya mtu. Basi anachelewesha breki, anajitumbukiza upande wa ndani, na kwa kweli anatangulia. Lakini kwa kuwa ameingia kona kutoka upande usio wake, hawezi kuikata kwa upana unaotakiwa, gari lake linasukumwa nje, analazimika kungoja kabla ya kukanyaga mafuta, na yule aliyempita, aliyetanabahi mapema na kumwachia nafasi, naye amepoteza mwendo. Gari la tatu, lililokuwa nyuma yao likitazama tu, linawapita wote wawili katika njia iliyonyooka. Lau angalifanya subira, akafunga breki mapema kidogo kuliko wa mbele, akaacha pengo, kisha akaanza kukanyaga mafuta mapema, angalitoka mwalonini na mwendo mkubwa kuliko mwenzake, akampita penye nafasi tele, huku aliye mbele anamwona waziwazi kiooni. Nasema bila kusita kwamba mtu asiyeifahamu tafauti ya mapito haya mawili, hata akiwa mwepesi kuliko walimu wake, hajawa tayari kupandishwa.

Ubaya wa kujitumbukiza ndani mwishoni mwa breki hauko katika kupoteza mwendo tu. Dereva anapoanza kugeuza usukani, macho yake yamekwisha kuviacha vioo na kuhamia ndani ya kona, na gari lake linauhitaji upana wote wa lami. Anayetokea hapo humtokea kipofu. Tena nguvu ya tairi kushika lami ni mfuko mmoja wa fedha, kilichotumiwa kwa breki hakibaki kwa kugeuka, kwa hiyo aliyechelewesha breki mpaka ndani ya kona hana akiba ya kujikwepesha ikiwa mwenzake atamfungia njia bila ya kumwona. Na nje ya mkondo ambao magari huufuata siku nzima, lami haifanani: hapo hukusanyika mchanga na vijipande vya mpira vilivyobanduka matairini, na gari lililotii kwenye mkondo laweza kuteleza hatua mbili kando yake. Ndiyo maana walimu wenye hekima humtaka mwanagenzi, muda mrefu kabla ya kupandishwa, aendeshe mizunguko mizima nje ya mkondo, kwa makusudi, mpaka azijue kona zote kwa pande zake zote.

Liko fumbo jingine ambalo daraja la juu haliwezi kulikwepa, la magari yasiyolingana. Corvette yenye nguvu nyingi ikikutana na Mazda Miata, gari dogo jepesi lililoanza kuuzwa mwaka 1989, Corvette hukimbia kila penye njia iliyonyooka na kuwa kizuizi kila penye kona. Miata huifikia konani, kisha ikaachwa tena, mzunguko baada ya mzunguko, na dereva wake hana njia ya kupita kwa nguvu zake mwenyewe hata akipewa uhuru wa dunia nzima. Hapo sheria inanyamaza na jamala inashika nafasi yake: mwenye Corvette atoe mkono dirishani ingawa hakulazimishwa, apunguze mafuta, amwache mwenzake aende. Madereva wema wa daraja hilo hutoa ishara daima, na mimi naona kwamba anayeiacha siku ile ile aliyoachiliwa hakuwa ameielewa tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwalimu anayempima mtu wa kupandishwa hatazami sana wepesi. Hutazama kama mizunguko yake yafanana, kwa kuwa gari lisilotabirika ni hatari kwa anayelipita kuliko gari la polepole. Humwuliza ghafla kuna gari la rangi gani nyuma yake, au bendera gani ilipeperushwa kwenye kituo kilichopita, na jibu la kubabaika humrudisha chini kwa msimu mwingine. Bendera hazikuachiliwa hata kwa wakubwa: ya manjano humkataza kila mtu kupita, nyekundu humsimamisha, nyeusi humwita kwa wasimamizi ajieleze, na ya buluu yenye mstari wa manjano humkumbusha kwamba liko gari la kasi nyuma yake.

Gari nalo lipimwe. Katika daraja la juu breki hufanya kazi nzito kwa zamu nzima, aghalabu dakika 20 hadi 30, na mafuta yake hunywa unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka: yale ya kiwango cha DOT 4, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za sentigredi, lakini yakisha kuchanganyika na maji kidogo kipimo hicho hushuka mpaka 155, na mafuta yakichemka pedali huzama mpaka sakafuni bila ya gari kupunguza mwendo. Mwenye kukaa nyuma ya mwenzake kwa hatua chache, akingoja nafasi ya kupita, ameuweka mwili wake na wa mwenzake katika dhamana ya mafuta yale. Bima nyingi za kawaida hazilipi hasara ya kiwanjani, na desturi ya vyama vingi ni kwamba kila mtu atalitengeneza gari lake mwenyewe, aliyekosa na aliyekosewa sawasawa. Jambo hilo huonekana kama si la insafu, lakini limewafundisha wengi kumwachia mwenye haraka.

Zamu ya kwanza katika daraja hilo yafaa itumiwe kwa kupitwa kuliko kupita. Mgeni ajipange nyuma ya msururu, awaambie wasimamizi wa lango kwamba ni mara yake ya kwanza, kisha ashike mkondo wake bila ya kuyumba, maana kosa kubwa la wageni ni kuingiwa na hofu waonapo gari kiooni wakahama ghafla kumpisha mtu ambaye tayari ameamua kupita upande ule ule wanaohamia. Anayepitwa akae alipo. Anayepita ndiye azunguke. Na zamu ikisha, injini zikipoa, mgeni amtafute kila dereva aliyempita siku hiyo na amwulize ni wapi alipoliona gari lake kiooni kwa mara ya kwanza. Akijibiwa kwamba alionekana tangu kona iliyotangulia, pito lile lilikuwa halali. Akijibiwa kwamba hakuonekana mpaka alipokuwa ubavuni, basi hata kama magari hayakugusana wala hakuna aliyelalamika, aliiba njia, na zamu ijayo ajitokeze kwenye kioo cha mwenzake mapema zaidi, au angoje kona nyingine.