Gari la Zimamoto: Je, Parokia Yaweza Kununua?



Kila kiangazi moto wa nyasi hutishia mashamba na nyumba zetu hapa Ntobeye. Wilayani kwetu Ngara, barabara ya kwenda Rusumo hupitisha malori ya mafuta kila siku. Nao mkoa wetu wa Kagera una kovu lake: Septemba 14, 2020 moto uliteketeza bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, Wilaya ya Kyerwa, na watoto 10 walipoteza maisha. Ni haki basi kuuliza: kwa nini tusichange, tukanunua gari la zimamoto kwa ajili ya vijana wetu wa kujitolea?

Kwanza tuitazame sheria. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 iliweka huduma hii mikononi mwa jeshi moja la taifa, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kikundi cha kijiji ni msaidizi wa jeshi hilo, si mbadala wake.

Pili, ununuzi. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA), ulioanzishwa mwaka 2007, huingia mikataba na wauzaji kwa ajili ya taasisi za umma, na hununua magari ya Serikali kwa pamoja. Anayenunua mengi kwa mkupuo hupata bei nafuu. Lakini mlango huo ni wa taasisi za umma, kama vile halmashauri na Jeshi lenyewe. Parokia ikienda peke yake, hulipa bei ya dukani.

Wenzetu wa Marekani, ambako wazima moto wengi ni wa kujitolea, walikutana na tatizo kama hilo. Mwaka 2008 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoruhusu serikali za majimbo na za mitaa kununua vifaa vya zimamoto na uokoaji kupitia mikataba ya serikali kuu.

Tufanye nini basi? Tusiagize gari. Mchango wetu upitie halmashauri au Jeshi, ili wao wawe wanunuzi. Kabla ya kutoa fedha, tuandikiane makubaliano: gari litakaa wapi, dereva atalipwa na nani, mafuta, matairi na matengenezo yatatoka bajeti gani. Gari lisilo na mafuta halizimi moto.

Wakati tunasubiri, yapo ya kuanza leo. Serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo juu ya uchomaji wa nyasi na kuipeleka halmashauri kuidhinishwa. Kila shule na kanisa liweke ndoo za mchanga na pipa la maji. Milango ya mabweni ifunguke kwa ndani, na madirisha yasizibwe kwa nondo. Kila mmoja akariri namba ya dharura ya zimamoto: 114.

 Tuutumie moyo wetu wa kutoa kwa njia itakayodumu.