Tinti ya dirishani: sitara ya mchana, joto la usiku

Huku Bagamoyo, ukishuka kutoka Zinga kuelekea Mlingotini na Mbegani, nyumba mpya utazijua kwa madirisha yake: vioo vipana vya alumini vya kuslaidi na, siku hizi, karatasi ya tinti iliyobandikwa juu ya kioo. Ipo nyeusi, ipo ya fedha inayong'aa, na ipo ile nyeupe ya ukungu. Sababu inaeleweka. Jirani anajenga hatua chache kutoka msingi wako, bodaboda zinapita chini ya dirisha la sebule, na hakuna anayependa kila apitaye ahesabu sahani zake mezani.

Tinti inafanya kazi. Tatizo ni sharti lake ambalo fundi halitaji: sitara ipo pale tu dirisha likifungwa. Na dirisha likishafungwa pwani hii, gharama inahamia kwenye usingizi, kwenye chandarua na kwenye LUKU.

Tuanze na kioo chenyewe. Wengi huamini ipo karatasi inayopitisha mwanga upande mmoja tu. Haipo. Sehemu ya mwanga inayopenya kutoka nje kwenda ndani ni ileile inayopenya kutoka ndani kwenda nje. Kinacholeta sitara ni tofauti ya mwanga kati ya pande mbili. Saa sita mchana wa kiangazi, uwanja ulio juani hupata mwanga unaokaribia luksi 100,000, ilhali sebuleni, hatua chache kutoka dirishani, ni mia chache tu. Aliye nje anaona mng'ao wa mbingu na minazi iliyoakisiwa. Mwanga hafifu wa sebule unamezwa humo.

Saa moja jioni mambo yanageuka. Taa ndogo ya ledi inaangaza sebule kwa luksi mia moja hivi, na nje hata mwezi mpevu haufiki nusu luksi. Sasa wewe uliye ndani unajiona mwenyewe kwenye kioo, unadhani umesitirika, kumbe aliye barabarani anakutazama ukivua shati. Jaribio lake ni la bure: magharibi ikiingia, washa taa, mwache mtu ndani anyooshe vidole, wewe toka nje uhesabu. Karatasi ya ukungu ndiyo pekee isiyojali saa, kwa kuwa yenyewe huutawanya mwanga badala ya kuuakisi. Hata hivyo, anayesimama karibu nayo taa ikiwaka, umbo lake huonekana.

Faida ya pili inayouzwa ni kinga dhidi ya jua, na hapa ukweli na tangazo vimechanganywa. Karatasi nzuri huzuia hadi asilimia 99 ya miale ya urujuanimno. Ni kweli, ila miale hiyo ni asilimia chache tu ya nishati ya jua inayotufikia. Karibu nusu ni miale ya joto isiyoonekana, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mwanga tunaoonea. Kwa hiyo karatasi inaweza kuzuia urujuanimno wote na chumba kikaendelea kuchemka. Ukinunua, uliza inazuia asilimia ngapi ya nishati yote ya jua. Swali la urujuanimno peke yake halikusaidii kwenye joto.

Kioo kitupu nacho si bure kama tunavyodhani. Huzuia karibu miale yote ya urujuanimno B, ile inayounguza ngozi na pia kuifanya itengeneze vitamini D. Mtoto anayeoteshwa jua la asubuhi nyuma ya dirisha lililofungwa, liwe na tinti au lisiwe nayo, hapati vitamini hiyo, mtoe barazani. Kinachopenya kwa wingi kwenye kioo ni urujuanimno A, unaochakaza ngozi taratibu na kupausha mapazia.

Kuna nyumba ambazo kwazo jambo hilo si dogo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba Tanzania ina mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400, idadi kubwa ikilinganishwa na sehemu nyingi za dunia, na saratani ya ngozi ndiyo adui yao mkubwa wa kiafya. Mwaka 2009 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliingiza urujuanimno wote, A kwa B, kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Mafuta ya kukinga ngozi ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi penye hospitali ya KCMC, yanabaki kuwa kinga ya kwanza, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Lakini kama mtoto mwenye ualbino analala au kusoma kwenye chumba kinachopigwa na jua, bandika karatasi bila kusita. Zipo angavu kabisa, zinazozuia urujuanimno bila kutia giza.

Kwa joto, rangi inadanganya. Nyeusi ya bei nafuu hailirudishi joto, hulinyonya. Kioo kinapata moto, kisha kinautema, sehemu nje na sehemu ndani. Weka kiganja karibu na dirisha la magharibi saa kumi jioni utauhisi. Kioo kilichopata moto katikati huku kingo zake zimefichwa ndani ya fremu kinaweza hata kupasuka chenyewe. Na rangi hiyo haidumu: jua likiila, inageuka zambarau, na hewa ya chumvi inanyanyua kingo. Ya fedha inarudisha joto vizuri zaidi, ingawa jirani wa mbele yako anaweza kuwa na lake la kusema.

Kabla ya kununua, tazama jua linapita wapi. Bagamoyo iko nyuzi 6 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima. Dirisha la kaskazini au la kusini lenye paa lililotokeza vizuri halipigwi sana. Yanayoumia ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri, jua linapoingia kwa chini. Kubandika nyumba nzima, basi, ni kulipia madirisha yasiyo na tatizo. Hata hilo la magharibi litapoa zaidi kwa mti, kwa upenu wa makuti au kwa jamvi lililoning'inizwa nje, maana joto lililozuiwa kabla ya kugusa kioo halikupi kazi ya kulitoa.

Sasa upepo. Dirisha la kuslaidi hufunguka nusu tu. Ukilifungua, nusu hiyo haina tinti tena na aliye nje anaona yote. Basi watu hulifunga. Kuanzia Novemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma na joto limefika kilele, nyumba inakuwa imejinyima kile ambacho bahari inaitoa bure. Ikifika usiku, mtoto anatokwa jasho ndani ya chandarua, anakisukuma kando. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 kuhusu kwa nini watu huacha chandarua yalikuta joto ni kati ya sababu zinazotajwa zaidi. Bagamoyo ni mji wenye tawi la Taasisi ya Afya Ifakara, ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto. Ingekuwa ajabu karatasi ya dirishani iturudishe nyuma kwa mlango wa uani.

Ushahidi wa upande wa pili hauko mbali. Mwaka 2017 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha matokeo ya nyumba 6 za majaribio zilizojengwa kijiji cha Magoda, wilayani Muheza. Kuta zake zilipitisha hewa na madirisha yalikuwa na nyavu. Ndani kulikuwa na joto pungufu kwa wastani wa nyuzi 2.3 kuliko nyumba za kawaida za pale, na mbu walipungua sana, hasa kwenye za ghorofa. Hewa inayotembea ina kazi nyingine pia. Utafiti wa Lima, Peru, wa mwaka 2007, uliohusu maambukizi ya kifua kikuu hospitalini, ulionyesha kuwa wodi za kizamani zenye madirisha makubwa yaliyofunguliwa zilibadilisha hewa haraka kuliko vyumba vya kisasa vya mashine.

Anayesema atafunga na kuwasha kiyoyozi afanye hesabu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban uniti moja kwa saa kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu. Saa 4 kila usiku ni karibu uniti 120 kwa mwezi, na daraja la D1 la TANESCO, lenye bei nafuu, ni la wasiozidi uniti 75. Feni ya kawaida usiku kucha inakula nusu uniti, lakini ndani ya chumba kilichofungwa inazungusha joto lilelile.

Wazee wa Bagamoyo na Kaole walipata sitara kwa mpango wa nyumba: baraza mbele kwa wageni, ua nyuma kwa wenyewe, dirisha likianzia juu. Aliyekwisha kujenga habomoi, ila ana njia. Wavu wa mbu, hasa mweupe, humzuia wa nje kuona ndani mchana kwa kanuni ileile ya mwanga, na upepo unapita. Usiku shusha pazia jepesi mbele yake.

Ukitaka karatasi sebuleni, chagua ya ukungu na ubandike sehemu ya chini tu, hadi kimo cha kichwa cha mpita njia. Sehemu ya juu iache wazi, kwani mwanga unaoingia juu ndio unaofika mbali chumbani, vinginevyo utawasha taa saa nne asubuhi. Bafuni bandika kioo kizima, lakini matofali ya matundu yaliyo juu yake usiyazibe: unyevu wa Mbegani ukikosa pa kutokea huotesha kuvu darini, kisha unakuja kubandua hata hiyo karatasi.