Mutomboko: Lugha ya Mababu katika Ngoma ya Mfalme

Barabara ya Mokambo hadi Chembe hukata ardhi ya Kongo na kumfikisha msafiri mkoani Luapula, Zambia. Huko Mwansabombwe, kila Julai, Walunda wa Mwata Kazembe huadhimisha Mutomboko. Mwata huwatolea mababu sadaka, kisha hubebwa kwa machela hadi uwanjani, ambako hucheza ngoma ya ushindi kwa upanga na shoka. Mwishoni huelekeza upanga juu na chini: amshindaye ni Mungu tu, na ardhi ndiyo itakayompokea.

Kwa mwanaisimu, ushahidi mkubwa umo katika maneno. Raia husema Kibemba, bali sifa za Mwata hughaniwa kwa lugha iliyo karibu na Kiluba, urithi wa mababu waliotoka Kongo karne ya 18. Waghani wakikosa warithi, ngoma itabaki bila kauli yake.