Skuta ughaibuni: Nafuu ya nauli, mtihani wa stakabadhi

KWA miaka mingi vijana wa Kenya wamekuwa wakivuka Bahari ya Hindi kwenda kutafuta shahada katika mji wa Pune, magharibi mwa India. Mwanafunzi akishapata chumba, swali linalofuata huwa ni usafiri, na kwa wengi jibu huwa ni skuta.

Si ajabu, kwani Pune ni mji wa magurudumu mawili. Huko Akurdi, viungani mwake, ndiko yaliko makao makuu ya Bajaj, kampuni iundayo pikipiki za Boxer zinazotumiwa na wahudumu wengi wa bodaboda hapa kwetu. Skuta hunywa petroli kidogo, hupenya kwenye msongamano, na nyingi za siku hizi hazina gia za kubadilisha. Isitoshe, Wahindi huendesha upande wa kushoto kama sisi.

Hata hivyo, wepesi huo ndio unaowaponza wengi.

Mvua na mashimo

Magurudumu ya skuta ni madogo kuliko ya pikipiki. Shimo ambalo mwenye bodaboda angelipita bila kujali laweza kumbwaga mwenye skuta. Hali huwa mbaya zaidi kuanzia Juni hadi Septemba, msimu wa mvua kubwa, maji yanapoyafunika mashimo hayo. Manyunyu ya kwanza ni ya kuogopwa hasa, kwani huchanganyika na mafuta na vumbi, lami ikateleza kama sabuni.

Akina dada nao wajihadhari na mitandio inayoning'inia. Sheria ya India hutaka gurudumu la nyuma liwe na kinga, ili sari ya abiria isinaswe.

Leseni ya gari haitoshi

Wapo wanaodhani kwamba leseni ya gari waliyotoka nayo nyumbani inatosha. La hasha! Leseni ya gari pekee haimruhusu mtu kuendesha skuta. Anayeanza hana budi kufanya mtihani wa ishara za barabarani, kupewa leseni ya mwanagenzi, kubandika herufi 'L' nyekundu na kungoja siku 30 kabla ya kutahiniwa barabarani. Sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2019 iliweka faini ya rupia 5,000 kwa anayeendesha bila leseni. Helmeti nayo ni lazima, kwa dereva na abiria wake.

Jina la nani?

Lakini mtego mkubwa umo katika ununuzi. Mwanafunzi anayemaliza masomo humuuzia skuta mgeni, naye akaja kumuuzia mwingine, huku cheti cha usajili kikibaki na jina la mwenyewe wa kwanza. Ikitokea ajali, sheria humtafuta aliyesajiliwa, hata kama alisharejea Nairobi. Na ikiwa bima ilikwisha muda, au dereva hana leseni, fidia ya aliyegongwa yaweza kumwangukia yeye na wazazi wake, nayo ikameza karo ya miaka.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akikupigia simu kuomba pesa za skuta, usiulize bei tu. Muulize leseni iko wapi, bima inakwisha lini, na cheti kina jina la nani. Akikosa jibu moja kati ya hayo, heri aendelee kupanda basi.