Ukuta wa Kuzuia Udongo: Saruji Nyingi Huishia Usipoiona

Viwanja vya Goba, Kimara na Madale jijini Dar es Salaam, kama vile vya vilima vya Mwanza, vina gharama ambayo mnunuzi huisahau siku ya kulipa: mteremko. Ili kupata sehemu tambarare ya kujenga, mwenye kiwanja hukata udongo upande wa juu au hujaza kifusi upande wa chini. Udongo huo lazima ushikiliwe na ukuta, na swali la kwanza kwa fundi huwa lilelile: "Tofali ngapi?"

Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Chukua mfano wa ukuta wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 1.4, unaojengwa kwa matofali ya matundu ya inchi 9, yaani milimita 450 kwa 225 kwa 225. Tofali moja pamoja na mota yake huchukua sentimita 46, kwa hiyo kozi moja inakula matofali 22. Kozi 6 za kufikia kimo cha mita 1.4 ni matofali 132. Ukiongeza asilimia 5 kwa yatakayovunjika njiani na wakati wa kukata, agiza 140.

Hesabu ngumu inaanzia hapo. Ukuta wa chumba hubeba mzigo unaoshuka chini, lakini huu unasukumwa ubavuni mchana na usiku. Udongo mkavu wa kawaida wenye kimo cha mita 1.4 husukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 600. Kwa mita 10, hizo ni tani 6. Kimo kikizidi mara mbili, msukumo unakuwa mara nne.

Ndiyo maana ukuta huu unahitaji kitako kipana. Kwa mfano wetu, zege la msingi lenye upana wa mita 1 na unene wa sentimita 25 ni mita za ujazo 2.5. Kisha kuna matundu ya matofali, ambayo lazima yajazwe zege. Tofali lenye matundu mawili ya sentimita 15 kwa 15 humeza zege lita 10 hivi, na matofali 132 humeza mita za ujazo 1.3. Jumla, pamoja na la kumwagika, weka mita za ujazo 4.

Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo ya zege hutaka mifuko 6 na nusu ya saruji, mchanga mita za ujazo 0.45 na kokoto 0.9. Mita 4 zinataka mifuko 26, mchanga 1.8 na kokoto 3.6. Mota ya kujengea, kwa upande wake, inamalizwa na mifuko 2 tu na mchanga kidogo. Kati ya mifuko 28, basi, 26 inaingia ardhini na ndani ya matundu. Fundi anayekadiria saruji kwa kutazama idadi ya matofali peke yake atakwama kabla msingi haujakamilika.

Wakati wa kuchanganya, mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Zege la kujaza matundu litumie kokoto ndogo, kwani kubwa hukwama kwenye nondo na kuacha mapengo.

Nondo nazo huhesabiwa kwa vipande, kisha kwa urefu wa mita 12 zinazouzwa dukani. Nondo wima za mm 12, moja kila baada ya sentimita 46, ni 23. Kila moja, pamoja na mguu uliokunjwa ndani ya msingi, ina mita 2.2, na nondo moja ya dukani hutoa vipande 5. Nunua 5. Za kukatiza msingi, kila sentimita 20, ni vipande 51 vya sentimita 90, yaani nondo 4. Za kulaza kwa urefu, 5 kwenye msingi na 3 kwenye kozi, ni nondo 8 za mm 10. Nondo wima zikae upande wa udongo, kwa sababu ndiko ukuta unakovutika.

Kinachosahaulika zaidi kwenye makadirio ni njia ya maji. Masika yakilowesha udongo na maji yakakosa pa kutokea, msukumo unaweza kuongezeka maradufu. Nyuma ya ukuta panahitaji tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 30. Tabaka hilo likiwa na kimo cha mita 1.2, hizo ni mita za ujazo 3.6, sawa na kokoto zote za zege. Ongeza vipande 6 au 7 vya bomba la plastiki la inchi 2 vinavyopenya ukuta karibu na chini.

Vipimo hivi ni vya mfano. Udongo wa mfinyanzi, gari linaloegeshwa juu ya ukuta au nyumba iliyo karibu hubadilisha kila kitu, na hapo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa. Lakini hata kabla ya kumwita, soma karatasi ya makadirio uliyopewa. Kama haina zege la kujaza matundu, kokoto za nyuma ya ukuta na mabomba ya kutolea maji, usilipe. Irudishe ikafanywe upya.