"Siku Zote Tu"

Baba alipopata mshtuko wa moyo, kila tulipokwenda kliniki daktari alimuuliza swali lilelile: "Mzee, mara ya mwisho kifua kilibana lini?" Naye alijibu, "Siku zote tu." Ulikuwa unafanya nini? "Nachoka tu." Huyu ni seremala aliyeweza kukutajia kila kabati alilolitengeneza, la mninga au la mvule, na mwenye kabati alilipa kwa awamu ngapi. Mimi nimeshika mfuko wa dawa pembeni, nikajiambia ni uzee.

Haukuwa uzee. Ilikuwa sonona, nasi nyumbani tulichelewa mno kuiona.

Mwaka 1986, nchini Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent waliwapa watu waliotoka kujaribu kujiua neno mojamoja, la furaha au la huzuni, wakiwaomba wataje tukio moja lililowapata. Mara nyingi majibu yalikuja kwa jumla, bila siku wala mahali. Tafiti za baadaye zikaikuta hali hiyohiyo kwa wenye sonona: maisha yamo kichwani, ila siku zake zimechanganyikana kama uji.

Kwa mgonjwa wa moyo hili si jambo dogo. Daktari hupanga dawa kwa kusikiliza maumivu yalianza lini, baada ya kazi gani, yakakaa muda gani. "Siku zote" haimpi pa kushika. Na sonona yenyewe ni hatari: huko Montreal, Kanada, Nancy Frasure-Smith na wenzake walifuatilia wagonjwa 222 baada ya mshtuko wa moyo, wakaripoti mwaka 1993 kwamba waliokuwa na sonona walikufa zaidi ndani ya miezi sita, hata ukubwa wa ugonjwa wa moyo ulipozingatiwa.

Baba alianza matibabu ya sonona. Nyumbani nikaacha kumuuliza "unajisikiaje". Nikawa namuuliza kuhusu jana: nani alipita, mlikaa wapi, chai ilikuwa na tangawizi? Majuma ya mwanzo alinyamaza, au akakasirika.

Kliniki iliyofuata daktari akauliza lilelile. Baba akatazama viganja vyake.

"Jumanne. Nilikuwa nalivuta lile benchi la kupigia randa. Kifua kikanibana hapa, nikakaa juu ya mbao mpaka adhana ya alasiri."

Daktari akaanza kuandika.